Moto Chini, Maji Juu

Hebu mfikirie mama wa makamo ndani ya buibui, miwani imemshukia puani, anaendesha pikapu katika vichochoro vya Ibra, huku Oman, kana kwamba nyuma kunaungua. Anawapigia honi mbuzi, anawapigia honi watoto, anaupigia honi hata ukuta uliomkalia vibaya. Anasimama mlangoni kwenu, anashuka, anaitikia marahaba kabla hujaimaliza shikamoo yako, kisha anakwambia amekuja kukufundisha kutulia. Huyo ndiye Bi Nesi. Mpaka leo nikimkumbuka hujikuta nacheka peke yangu ndani ya gari, na wa gari la pembeni wananitazama.

Jina lake analo, ila mtaani kwetu halikuwa na kazi. Alikuwa muuguzi hospitali miaka mingi, akastaafu, na unesi ukakataa kustaafu naye. Ukoo wake siuandiki kwa sababu mwenyewe hakupenda kuulizwa. Wanawake wa mtaani, waliozoea kumjua mtu kwa babu yake, walipomuuliza yeye ni binti wa nani, aliwajibu kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja kwamba ukoo haushushi presha.

Na presha ndiyo iliyomleta kwetu. Ilikuwa miaka ya tisini, nimeanza tu kusomesha sayansi skuli ya wasichana, na mama yangu alikuwa hashikiki: kichwa kinamwaka, neno dogo analipokea kwa kelele, na miguu yake ya baridi hata katikati ya kiangazi, wakati ambao Ibra hata paka hatoki nje. Dawa za hospitali alikuwa akizinywa. Bi Nesi hakumwambia aziache, na aliyethubutu kumshauri mtu aache dawa alitimuliwa nyumbani kwake bila viatu. Alimshika mama paji la uso kwa mkono mmoja na wayo kwa mkono wa pili, akacheka, akaniita nije nishike na mimi.

"Unaona, mwanangu? Mama yako moto umempanda juu, maji yamemshuka chini. Sasa moto ukikaa juu ya maji, utapika nini? Weka moto chini, maji juu, ndiyo upate chai."

Mimi mwalimu wa sayansi nilitaka kubisha, nikaishia kuushika wayo wa mama tena. Mama alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wiki ile ile tukaanza kwenda kwake kukaa kimya mkekani, mimi nikijidai nampeleka mama tu.

Elimu hiyo aliipata kwa Daktari wa Kichina. Alikuwa nesi kijana hospitali ya Unguja pale madaktari wa Kichina walipokuja, na mmoja wao alikuwa na tabia ya kufika kazini kabla ya wote na kupotea. Asubuhi moja Bi Nesi alifungua stoo ya mashuka, akamkuta daktari amekaa juu ya mablanketi yaliyokunjwa, macho kayafumba, hatikisiki. Akadhani amekufa. Nesi mwenye busara angempima mshipa. Yeye alimtingisha mabega na kumpigia kelele, ndivyo alivyokuwa. Daktari alifumbua macho taratibu na kumwomba asimwambie mtu, kwa sababu kwao siku zile mambo hayo ya wazee yalikuwa hayatakiwi. Yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa akisema ni mazoezi ya viungo. Kisha akamfundisha kwa Kiswahili chake cha maneno machache: kaa, ngoja, tena.

Wazee wa kwao, alimwambia, huiita Tao, maana yake njia. Na katika njia hiyo kuna pande mbili, yin na yang. Yin ni upande wa jabali wenye kivuli, yang ni upande wenye jua. Bi Nesi hakuwa na haja ya picha kutueleza. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na jabali tupu la Ibra, jeusi, halina hata kijiti. Alitutoa uani asubuhi akatuonesha upande wa kivuli, akatutoa tena alasiri, kivuli kimehama. Jabali ni lile lile, alisema, na hakuna upande unaogombana na mwenziwe. Wajinga ni sisi, mmoja anataka awe jua kutwa, mwengine anataka awe kivuli kutwa, halafu tunakwenda hospitali kuulizia kwa nini hatulali.

Tulikaa sebuleni kwake baada ya usingizi wa mchana, wanawake wa nyumba za jirani, wengi wetu tumetoka, au wazee wetu wametoka, Unguja na bara. Chumba kikishapoa alizima kiyoyozi, maana baridi ya mashine, alisema, ni yin ya kununua. Tulisugua viganja mpaka viwake, tukaviweka kiunoni nyuma, penye figo. Ulimi tuliugusisha juu ya kinywa, nyuma ya meno, kwa sababu hapo njia inayopanda mgongoni inakutana na ile inayoshuka kifuani, na mdomo ukiachwa wazi daraja limevunjika. Mkono juu ya mkono, chini kidogo ya kitovu. Pumzi iteremke yenyewe mpaka hapo, isisukumwe. Mate yakijaa, meza, yapeleke huko huko chini. Halafu hakuna jingine la kufanya, na hapo ndipo kazi ilipo.

Siku za mwanzo nilihesabu makosa ya wanafunzi wangu, nikapanga chakula cha jioni, nikawashwa pua. Kisha alasiri moja, sijui ilikuwaje, nyayo zangu zikaanza kupata joto. Nilikuwa nimekaa tu. Joto likapanda kidogo kidogo, kichwa kikawa chepesi na cha baridi kama nimetoka kukiosha kwenye falaji, mtaro wetu wa maji ya mashamba, na kwa muda nisiojua urefu wake nikasahau kuwa napumua. Nilipofumbua macho nilitaka kutoka mbio barabarani nikamwambie kila mtu, mwenye duka, dereva wa lori la maji, mwalimu mkuu wangu. Bi Nesi alinikamata mkono mlangoni akaniambia nikae kitako kwanza, nisije kuumwaga moto wote kwa furaha.

Mama naye alibadilika. Sisemi presha ilikwisha, vidonge vyake alivinywa na mpaka leo anavinywa. Lakini alianza kusikiliza sentensi mpaka mwisho, na baba yangu alinivuta pembeni kuniuliza tunamfanya nini huko, na tafadhali tusiache.

Sasa nikwambie lililotushangaza. Mwalimu wetu hakukaa hata siku moja mpaka mwisho. Alianza nasi vizuri, mgongo wima, uso umelainika, pumzi yake ikawa haisikiki. Halafu pale pale ambapo sisi tulianza kupata joto, yeye huyo, kainuka. Mara amekumbuka sufuria, mara anataka kuona nani kagonga, na hakuna aliyegonga. Mama akasema mganga hajigangi, na wote tukacheka, Bi Nesi akiwa wa kwanza.

Mimi sikuacha. Siku moja tunaosha vikombe wawili nikamuuliza waziwazi. Hakukasirika. Alifunga mfereji, akanieleza kama anavyomweleza mgonjwa ugonjwa wake. Alipoondoka Unguja alimwacha dada yake mkubwa na mama yao mgonjwa, na hakuaga. Angeaga asingeondoka. Mama yao alifariki yeye akiwa tayari huku Ibra, na tangu hapo dada yake hajamwambia hata neno, la kheri wala la shari. Kila akikaa, akifika pale maji yanapotaka kuchemka, anamuona dada yake amesimama mbele yake, kimya, na miguu inamnyanyua yenyewe.

"Nimekufundisheni chai ambayo mie mwenyewe sijaionja," alisema. "Nnataka nikae mpaka mwisho, wallahi, mara moja tu kabla sijafa. Na sitaweza mpaka dada yangu aniseme. Anitukane akitaka. Lakini aniseme."

Nilitoka pale moyo wangu unaniuma kwa ajili yake, na tangu siku ile kila alipoinuka mkekani nilimwombea.

Msidhani basi kwamba alikuwa mtu wa huzuni. Alikula pilipili ya kuchachusha kwa mkate mtupu. Aliangalia mieleka kwenye televisheni akiwa amesimama, akiwaelekeza wale wanaume wenye misuli pa kumkaba mtu, na kosa la refa aliliona kabla ya refa. Soko la wanawake la Jumatano alilipenda kuliko karamu. Alibishana bei ya kitambaa mpaka muuzaji na yeye wakawa wekundu, kisha akakinunua kwa bei ile ile ya kwanza, wakabusiana mashavu, akaondoka ameburudika. Nilipomwambia kwamba huo si mwendo wa mtu wa yin na yang alinitazama kwa huruma. Yang lazima itumike, alisema, ukiiweka kabatini inavunda.

Na kosa kubwa tulilifanya sisi, si yeye. Nyumba zetu zote, za Waswahili na za Waarabu, mtoto anajua kabla ya kujua kusoma kwamba chakula kina hari na baridi. Tende ni hari, asali ni hari, tango ni baridi, mtindi ni baridi. Kwa hiyo wanawake waliposikia habari ya yin na yang walisema aa, hii tunaijua, wakaihamishia jikoni bila kumuuliza mwenyewe. Kisha wakatazama nani nyumbani ana hari iliyozidi. Jibu lilikuwa moja mtaa mzima: mume.

Basi wanaume wa mtaa wetu wakaingia katika msimu wa matango. Asubuhi mtindi, mchana mtindi na tango, jioni tikiti. Halwa ilifungiwa. Baba yangu, mtu mpole kabisa, alipata wageni kutoka Jalan, kahawa ikaletwa, vikombe vikazunguka, na sahani ya tende haipo. Kwa anayeijua Oman sina haja ya kueleza. Ni bora umpokee mgeni bila paa juu ya nyumba. Baba aliutazama mlango wa jikoni mpaka wageni nao wakaanza kuutazama. Keshoye wanaume walimtuma yeye huyo huyo kwenda kwa Bi Nesi, awaombee.

Bi Nesi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatukusanya, akatupa maneno. Aliyetuambia tujipime wenyewe ni nani, na aliyetutuma kuwapima waume zetu ni nani? Hukai wewe kwenye mkeka ili mwenzako apoe. Tende zikarudi jioni ile ile. Tulipokuwa tunatoka aliniinamia sikioni akasema, ingawa yule wa nyumba ya kona, kweli hari imemzidi.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa bibi wa Kiomani, mama mkwe wa wengi. Alipoona magari yanajaa na wanawake wanafumba macho bila kusema, aliamua ni zari, ngoma ya kupandisha majini. Akaja na chetezo chake kimejaa ubani, kwa nia njema kabisa, akatufukiza mmoja mmoja, na akauliza jini wetu anasema lugha gani ili ajue la kumtayarishia. Bi Nesi alijua wajibu wake ni kumweleza taratibu. Ulimi ukamtangulia.

"Kichina," alisema.

Bibi akatoka na chetezo mbio, na kabla ya magharibi mtaa wote unajua kwamba kuna jini wa Kichina nyumba ya nesi. Hapo haikuwa mzaha tena. Shekhe wa msikiti alikuja na baba yangu, wakakaa barazani, Bi Nesi akawajibu kutoka ndani ya mlango. Shekhe aliuliza kama kuna jina linaloitwa, kama kuna kinachochinjwa au kuchomwa, kama kuna swala inayoachwa. Bi Nesi alisema hakuna, na adhana ikiadhiniwa mikeka inakunjwa, na kwamba ibada anayo, hii ni kujifunza kupumua tu. Shekhe akasema hakuona ubaya katika mtu kukaa kimya, angependa watu wa nyumbani kwake nao wajaribu. Kisha akauliza kuhusu maumivu ya mgongo. Yule bibi mwenye chetezo alirudi wiki iliyofuata, akawa ndiye asiyetikisika kuliko sote, mpaka tulipogundua kwamba analala.

Miaka ikapita, kadi za simu zikawa rahisi, na Bi Nesi akaanza kupiga Unguja. Nilimkuta siku moja amekaa na simu sikioni, hasemi. Nikadhani anangojea. Akaniashiria nisogee, akanipa nisikilize, na nikasikia sufuria inakwanguliwa, kuku, redio mbali. Dada yake alikuwa akiinua simu, akaisikia sauti, akaiweka mezani na kuendelea na shughuli zake. Hakuwa akikata. Bi Nesi alisikiliza nyumba mpaka kadi ikaisha.

"Leo wanakaanga samaki," aliniambia, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Mimi ningelia. Yeye aliliona jambo nililokuwa silioni: mtu asiyekutaka hukukatia simu.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa na kuhamia Nizwa mama aliponipigia simu, sauti imempanda juu kama enzi zile. "Njoo," alisema. "Dada mtu kaja." Sikumuuliza zaidi. Nilimwachia mume wangu watoto na chakula cha mchana jikoni, nikashika njia ya Sinaw, na nadhani siku hiyo niliendesha kama Bi Nesi mwenyewe.

Dada alikuja kwa mpango wa mtoto wa kaka yao, baada ya kutoka umra. Alikuwa mrefu, mwembamba, goti moja bovu, na alinijibu marahaba kwa upole. Lakini mama alininong'oneza ukumbini kwamba wiki nzima hajamwambia mdogo wake ila salamu na nisogezee chumvi. Bi Nesi nilimkuta jikoni kapika chakula cha harusi. Anakula, anaswali, analala, alinieleza, na hanisemi. Sijapata kumuona kaogopa kabla ya siku ile.

Wakati wetu ulipofika tulitandika mikeka. Dada aliuliza hii nini, akaambiwa ni kukaa tu, akasema goti lake halitaki sakafu. Akaletewa kiti, akakiweka nyuma ya mgongo wa mdogo wake. Tukafumba macho. Mimi sikutulia hata kidogo, nilikuwa nasikiliza pumzi ya Bi Nesi mpaka ikawa haisikiki, nikajua sasa ndipo anapoinuka.

"Ulituambia unakwenda zamu," dada yake alisema.

Hakupandisha sauti. Nilifumbua jicho moja. Bi Nesi alikuwa ameuweka mkono mkekani, kiganja kimebonyea, kama mtu anayetaka kusimama.

"Sare yako nimeipiga pasi mie mwenyewe asubuhi ile. Mama kila jioni ananiuliza, zamu ya mwenzako inakwisha lini? Namwambia kesho. Nimesema kesho mpaka nimemzika."

Mkono ulitoka mkekani. Niliuona ukirudi polepole juu ya mwenzake, chini ya kitovu, ukakaa. Machozi yalimtoka yakashuka mpaka shingoni na hakuyafuta. Dada yake aliendelea. Alitaja foleni za unga, paa lililovuja juu ya kitanda cha mama, nani alimkosha, nani alishuka kaburini, na jinsi alivyomchukia kila nesi aliyepita barabarani na sare nyeupe. Hakuna aliyetikisika chumba kizima, hata yule bibi wa chetezo alikuwa macho. Mimi sikumwondolea macho, kwa furaha na kwa woga, kwa sababu wakati wa kuinuka ulikuwa umepita zamani na Bi Nesi alikuwa bado amekaa.

Dada alinyamaza. Kutoka kwenye kiti aliuona mgongo tu, wima, hausemi kitu. Akainama mbele.

"Umelala wewe?"

"Sijalala," alisema Bi Nesi, macho bado ameyafumba. "Nipo, dada. Sema."

Dada yake akakivuta kiti karibu zaidi, akaendelea.